Nilivyojitambulisha kwa Wauza Kuku wa Mkiwa

Mzee Elisha, mwenyekiti wa kijiji, alinipa hadi Ijumaa. Nikiandikisha wanafunzi kumi watu wazima, nitabaki na chumba kimoja cha ghala la ushirika. Wakipungua hata mmoja, ghala lote anapewa mfanyabiashara wa alizeti kutoka mjini, ambaye tayari alikuwa ameyalaza magunia yake mlangoni. Ushirika wenyewe ulishakufa. Kilichobaki ndani ni mzani mkubwa wenye kutu, na ubao niliouegemeza ukutani.

Ulikuwa mwaka 1993. Nilikuwa na cheti cha ualimu lakini sikuwa na kazi. Barua ya ajira haikuwa imefika, na waliomaliza chuo mwaka mmoja kabla yangu nao walikuwa wanasubiri. Ndiyo maana nilitoka kwetu Ulemo nikaja Mkiwa kwa shangazi yangu Esta, anayeuza kuku kwa abiria pale njia panda. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba wenzake wanataka mwalimu.

"Si wajinga," alisema. "Walisoma ngumbaru zamani, kila mmoja ana cheti chake. Wanataka kukumbushwa tu."

Nilimwamini, na ndipo nilipokosea.

Ijumaa saa tisa, basi la Singida lilipokwisha kupita, wakaja. Waliweka matenga ya kuku kando ya mzani, wakaketi kwenye magunia ya alizeti. Nilihesabu kwa macho: tisa, pamoja na shangazi. Kisha akaingia Magdalena, mdogo kuliko wote, aliyemaliza darasa la saba na anayejulikana njia panda nzima kwa mdomo wake. Alisema amekuja kuangalia tu. Kumi.

Niliwaamkia mmoja mmoja, shikamoo kwa wote kasoro Magdalena, na baada ya hapo sauti ikaniisha. Mimi ni mtu wa aibu. Chuoni, kwenye mazoezi ya kufundisha, mkaguzi aliandika kwamba ninaujua ubao kuliko ninavyowajua wanafunzi, kwa sababu kipindi kizima nilikuwa nimewapa mgongo. Kwa hiyo nilikuwa nimejipangia njia yangu. Sitajitambulisha kwa mdomo. Wana vyeti, watasoma.

Nikageuka nikaandika:

*Jina langu ni Scola Edward. Ninatoka Ulemo. Baba yangu analima vitunguu. Shuleni nilikuwa mzito kuelewa. Katika darasa langu hakuna mtu atakayechekwa.*

Sentensi ile ya mwisho niliifikiria wiki nzima. Nilipomaliza, mikono yangu ilikuwa myeupe kwa chaki. Nikamwomba Mama Naftali atusomee.

Nilimchagua kwa sababu ndiye mkubwa wao. Akikaa wanakaa, akiondoka wanaondoka. Shangazi alikuwa amenieleza kilichomleta. Mwanawe Naftali anafanya kazi reli, Itigi, na humwandikia kila mwezi. Barua husomwa na Gervas mwenye duka, kwa sauti, mbele ya wateja. Mwezi uliopita njia panda nzima ilijua kwamba Naftali anaharisha.

Mama Naftali alisimama, akakaza kanga kiunoni, akautazama ubao wangu. Kisha akasoma kwa sauti safi, bila kukwama, kidole kikipita hewani:

"Huyu ni mama. Mama ana shamba la mtama. Mtama umeiva. Ndege wamekuja. Watoto, fukuzeni ndege."

"Fukuzeni ndege," wakaitikia wenzake kwa pamoja, shangazi yangu akiwemo, kama walivyofundishwa miaka ile. Wakapiga makofi.

Niliutazama ubao. Jina langu lilikuwa pale pale, na vitunguu vya baba. Nikaelewa wale wanawake walivyopata vyeti vyao. Kitabu cha ngumbaru walikuwa wamekishika chote kichwani, ukurasa kwa ukurasa, na aliyekuwa akiwafundisha ama hakujua, ama aliona hayamhusu.

Mmoja tu kati yao alijua kinachoendelea. Magdalena alikuwa amejiziba mdomo kwa pindo la kanga, mabega yakitikisika. Nikajua kicheko hicho kikitoka, Mama Naftali atabeba tenga lake, na wengine watamfuata. Magunia yataingia ndani, mimi nitarudi Ulemo.

Wakati huo nilimkumbuka Mwalimu Anastasia. Nilianza darasa la kwanza sijui neno la Kiswahili, nyumbani tulisema Kinyiramba tu. Nilikuwa namsikiliza mwenzangu anavyosoma, nikashika yote, zamu yangu ikifika nayamwaga. Siku moja niliyamwaga kitabu kikiwa juu chini. Mwalimu alikuja polepole, akakigeuza mikononi mwangu bila kusema kitu, akaniacha nimalize. Wengine walipokwenda nyumbani alinibakiza, tukaanza upya.

Nikachukua kitambaa nikafuta ubao wote.

"Mwalimu, mbona unafuta?" aliuliza Magdalena. Sauti ilikuwa imeshaanza kucheka.

"Nilikosea mimi," nikasema. "Somo la leo ni hilo alilolisema Mama Naftali. Ndilo nilitakiwa kuliandika."

Nikaliandika. Mama, shamba, mtama, ndege, yote kama alivyoyatamka. Nilipogeuka, Mama Naftali alikuwa ananitazama mimi, si ubao, na nikaona ameelewa kwamba nilichofuta hakikuwa hicho. Nilitaka ardhi inimeze. Akasogea mbele hadi nikasikia harufu ya moshi kwenye kanga yake.

"Ungeandika kwa herufi kubwa, mwanangu," alisema taratibu. "Macho yangu yamechoka."

Nikaandika upya kwa herufi kubwa. Nikamwomba anionyeshe ndege. Alianza mwanzo, akalisema somo lake polepole, kidole kikigusa ubao neno kwa neno, mpaka kikawafikia. Akaendelea hadi mwisho, kidole kikasimama kwenye ndege wa pili.

"Hawa na wale wamefanana," alisema.

"Ni ndege wote, mama."

"Kumbe." Akawageukia wenzake. "Njooni muwaone."

Wakanyanyuka wote, wakausonga ubao. Wakati wananipa mgongo ndipo niliweza kusema. Nikawaambia naitwa Scola, ni mtoto wa Edward mlima vitunguu wa Ulemo, na kwamba hata mimi niliwahi kusoma kwa kichwa badala ya macho. Nikawaambia mimi ninaanzia pale mtu alipo, kwa maneno aliyonayo mdomoni.

"Mnyiramba," akasema mmoja kwa utani, bila kugeuka. "Esta, umetuletea Mnyiramba atufundishe?"

"Angalau vitunguu havitatupungukia," akajibu mwingine, wakacheka, na kicheko cha Magdalena kikatokea humo humo, hakikumuumiza mtu.

Nilipofungua daftari la majina, Mama Naftali alikuwa wa kwanza. Yakafika tisa. Magdalena alikuwa amesimama mlangoni, anaichezea kamba ya gunia.

"Si unajua kusoma wewe?" shangazi akamuuliza.

"Najua," alisema. "Niandike hivyo hivyo. Nitasahau kuanzia leo."

Mzee Elisha alipopita jioni alihesabu majina mara mbili, akamwambia mwenye alizeti ahamishe magunia.

Tulifundishana mpaka mtama ukavunwa. Siku moja Mama Naftali aliniambia niandike tena yale niliyoyafuta siku ya kwanza. Nikayaandika. Aliyasoma kwa shida, akipumzika kila neno kama anayepanda mlima, na alipofika mwisho akaweka kidole kwenye *hakuna mtu atakayechekwa*.

"Neno hili, hata ulipolifuta," alisema, "ulilitimiza."

Kisha akatoa bahasha kutoka kwenye tenga. Ilikuwa ya Itigi, haijafunguliwa. Akaenda nayo nyuma ya mzani, akatugeuzia ubavu. Tuliona midomo yake inacheza. Kuna mahali alicheka peke yake, na mahali pengine alijifuta macho. Ilimchukua karibu saa nzima, na hakuna aliyeondoka.

Alipoikunja, Magdalena hakuweza kuvumilia.

"Anasemaje Naftali?"

Mama Naftali aliiingiza barua kifuani, akaifunika vizuri kwa kanga.

"Anawasalimu," alisema.