Mbodze Hasifiwi

Bi Ummi aliogopa vitu viwili tu duniani: kijicho cha watu na sakafu ya bafuni. Kijicho alikiogopa tangu utotoni, maana alizaliwa Kinondo na kulelewa na mama ambaye kuku wake akitotoa vifaranga vizima, yeye humwambia jirani, "Wagonjwa hao, hawafiki Ijumaa." Sakafu aliiogopa tangu siku alipoteleza akavunjika nyonga, akalazwa Msambweni mpaka mgongo ukatoka vidonda. Alirudi nyumbani hawezi kusimama bila kushikwa, na mtu wa kumshika akawa ni Mbodze.

Mbodze alikuwa Mduruma wa Kinango, mjane wa makamo, maneno yake machache. Akisema "Twende, Bi Ummi," Bi Ummi huinuka wala haitazami sakafu. Humwogesha akiwa amemfunika kanga, mkono na sabuni vikipita chini ya nguo, na macho yake mwenyewe ameyaelekeza ukutani. Stara ile Bi Ummi asingeitarajia hata kwa binti wa kumzaa, na binti hakujaliwa.

Sasa niambie wewe, mtu kama huyo utamsifu? Thubutu! Bi Ummi alikuwa ameshaumwa na nyoka huyo. Kabla ya Mbodze alikuwa na Kadzo, msichana msafi, hadokoi, hachoki, na Bi Ummi kwa furaha za arusi moja huko Galu akajisahau, akayasema hayo hayo mbele ya wanawake wenzake. Salaala! Mwezi haujaandama, Kadzo keshachukuliwa na mama mmoja mwenye nyumba za wageni Diani. Watu husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wana bahati hao. Mgema wa Bi Ummi aliondoka na kibuyu chake.

Kwa hiyo Mbodze alitukanwa. Wageni wakija, "Huyu? Analala kama gogo huyu." Jirani akiuliza, "Chai yake? Heri ninywe maji ya kuoshea sufuria." Na Abdurahman, mwanawe wa pekee anayefanya kazi Nairobi, akipiga simu kila Ijumaa, matusi ndipo yalipokolea, kwani mkewe husikiliza kando, na mkewe huyo alikuwa akilia siku nyingi kwamba hapati mfanyakazi wa maana. "Mama, Mbodze anaendeleaje?" "Wee, niache! Ameniunguzia wali tena." Na wakati huo wote Mbodze ndiye aliyeishika simu kwenye sikio la Bi Ummi, kwa kuwa mkono wa mzee ulikuwa ukitetemeka. Bi Ummi hakuwa na wasiwasi. Alidhani Mbodze anaelewa kuwa ni kinga tu ya kijicho. Pwani nzima si inaelewa?

Basi asubuhi moja Abdurahman akatokea bila taarifa, nyuma yake mwanamke aliyevaa sare ya buluu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekuja kukutua mzigo."

Yule mwanamke aliitwa Mercy, msimamizi wa kampuni ya Ukunda inayopeleka wahudumu wa wazee majumbani. Mtu wa bara, mchangamfu, sauti juu. "Shosho, usijali. Tuko na watu wamesomea hii kazi. Wanakuja kwa shifti, huyu akichoka tunaleta mwingine. Na ukitaka mwanaume wa kukubeba, pia tuko naye, ako na nguvu sana!"

Mwanamume!  Bi Ummi aliiona kanga yake ikifunuliwa na mikono asiyoijua. Aliiona sakafu imelowa, na yeye kasimamishwa juu yake na mtu ambaye wiki ijayo hatakuwa huyo. 

"Na Mbodze?"

"Mbodze anamaliza leo," alisema Abdurahman. "Mama, miaka yote hii unamlalamikia. Mimi ni mwana gani nikuache uteseke?"

Mlango wa jikoni ukafunguka, Mbodze akatoka na mkoba wake begani. Ulikuwa umejaa. Kumbe alikuwa ameshajua! Aliwaamkia wageni, kisha akasimama kando, akimsubiri mwenye nyumba ampe ruhusa ya kwenda.

Hapo ndipo Bi Ummi alipoijua hofu. Hawezi kumkimbilia, miguu hana. Hawezi kusema, maana pale mkekani, bega kwa bega na mwanawe, ameketi mtu ambaye kazi yake mchana kutwa ni kutafuta wahudumu wazuri. Akisema, fisi yumo zizini tayari. Asiposema, mbuzi anakwenda kwa miguu yake mwenyewe.

"Abdu," alinong'ona, "mpeleke mgeni akalione shamba."

"Mama, sema tu. Mercy si mgeni tena."

Mbodze akauweka sawa mkanda wa mkoba. Bi Ummi akaona, na ulimi ukamfyatuka.

"Uongo! Yote ni uongo! Mashallah, hajaniunguzia wali hata siku moja. Mashallah, halali mpaka nilale. Tangu aje sijaanguka, sijaaibika, hakuna mtu aliyeona mwili wangu, mashallah, mashallah, Yarabi mlinde!" Kila sifa aliifunika kwa dua upesi upesi, kama mtu anayefunika chungu nzi wasiingie. "Nilikuwa nawaficha nyinyi. Nilimficha mkeo. Asichukuliwe!"

Abdurahman alibaki mdomo wazi. Na Mercy? Alifanya kile kile Bi Ummi alichokiogopa. "Kumbe!" alisema, akamgeukia Mbodze huku uso unamng'aa. "Sasa watu kama wewe ndio tunatafuta. Shika namba yangu. Hata leo unaanza."

Mbodze akatoa simu, akaiandika ile namba. Bi Ummi alikuwa akimtazama kidole.

"Mama," alisema Abdurahman polepole, "si mimi niliyeanza jambo hili. Mbodze mwenyewe alinipigia. Alisema nikutafutie mtu mwingine, kwa kuwa yeye humpendi."

Lo! Bi Ummi aligeuza shingo. 

"Kila Ijumaa niliishika simu mimi, Bi Ummi," alisema Mbodze. "Kila Ijumaa."

"Nilidhani unajua, mwanangu! Kwani huko kwenu kizuri hakifichwi?"

"Chafichwa. Hata kwetu mgeni huambiwa mtoto ni mbaya." Mbodze hakupandisha sauti. "Lakini mgeni akishaondoka, mtoto huitwa akaambiwa ukweli. Hapa mgeni alikuwa akiondoka, nawe unanyamaza."

  Ni kweli Bi Ummi alinyamaza. Aliogopa hata kuta zisimsikie.

"Usiniache," alisema mwishowe, na machozi yakamtiririka mbele ya mwanawe na mbele ya mgeni. "Naogopa, Mbodze. Naogopa sana."

Mbodze alimwuliza Mercy, "Nikiwa mtu wenu, nitabaki hapa?"

"Hapo sitakudanganya. Tunakupeleka mahali kazi iko."

"Basi, leo sitakuwa mtu wenu."

Leo! Bi Ummi alilisikia neno hilo likimchoma, lakini hakuthubutu kuligusa. Abdurahman, maskini, akakuna kichwa, akauliza kama kuna njia ya kati. Wakazungumza mpaka wakakubaliana: Mbodze abaki, na mwisho wa juma kampuni ilete mtu, mwanamke, tena yule yule kila mara, ili Mbodze apate kwenda Kinango kuwaona watu wake. Mara ya kwanza watamwogesha mzee pamoja. Bi Ummi akaitikia kwa kichwa.

Gari likaondoka.  Mbodze akautua mkoba mlangoni, hakuufungua.

"Mbodze."

"Naam."

"Kaa hapa. Wageni wamekwenda."

Akakaa ukingoni mwa kitanda. Bi Ummi akatazama dirisha, akatazama mlango. Hata sakafu ya bafuni haikumtisha hivi. Kisha akaanza kusema, kwa sauti ndogo, bila dua ya kuyafunika maneno: jinsi alivyorudi kutoka Msambweni akiomba afe, na jinsi alivyoacha kuomba. Kwamba usiku hukisikiliza kikohozi cha Mbodze chumba cha pili, na akikisikia ndipo hulala. Kwamba angepata binti, angemtaka awe hivi.

Mbodze alisikiliza yote. Akajifuta uso kwa upindo wa leso.

"Nimesikia, mama," alisema. Hajapata kumwita mama. "Lakini namba ya yule dada nitaiweka."

Hofu ikamrudia Bi Ummi. Akaushika mkono wa Mbodze, kisha akaulegeza.

"Iweke," alisema. "Iweke, mwanangu."