Sanduku Kubwa la Sabuni Msilifunike Blanketi

Nyie mnaotengeneza sabuni nyumbani, nawaonya mapema: sanduku kubwa msilifunike blanketi. Mimi nililifunika mawili.

Siku zote nilikuwa namimina sabuni kwenye visanduku vyembamba, nafunika ili isipoe haraka. Safari hii mdogo wangu alikuwa anakaribia kufungua duka, na meza yake ya mbele ilisubiri sabuni yangu. Nikatumia mafuta yote niliyokuwa nayo, nikamimina yote kwenye sanduku moja nene.

Binti yangu anayesomea uinjinia, tunamwita Kipimo, akaingia jikoni.

"Mama, funua! Inajipika yenyewe humo."

"Itapata baridi."

"Kwani ni mtoto mchanga?"

"Mbona vidogo nafunika na havina neno?"

"Vidogo joto linatoka upesi. Hili ni nene mara tatu, joto la katikati linachelewa mara tisa. Chuoni tuna namba isiyo na sentimita wala dakika. Ikilingana, kidogo na kikubwa vitafanya mambo sawa. Hapa hailingani hata kidogo."

"Namba isiyo na sentimita ndiyo namba gani? Hebu nitokee jikoni."

Hajafika mlangoni, blanketi likainuka. Sabuni ikavimba katikati, ikapasuka mgongo, ikaanza kutambaa mezani. Nikanyoosha mkono niizuie. Kipimo akanivuta gauni.

"Usiguse! Ina kostiki, inaunguza ngozi, tena ni ya moto!"

Nikarudi nyuma. Yeye akavuta mablanketi kwa mti wa fagio, akawasha feni.

Ilipopoa, katikati palikuwa mashimo matupu.

"Haiwezi kujirudi?" nikauliza, karibu nilie.

"Hairudi. Vitu vikishavurugika, havijipangi hivi hivi, mpaka mtu atoe jasho. Inaitwa entropia."

"Kwa hiyo soksi za baba yako sebuleni ni entropia?"

"Zile ni uvivu, mama."

Basi jasho tukalitoa. Tukaikwangua yote, tukaiyeyusha kwa moto mdogo, kila saa namkagua glavu zisije zikawa na tundu. Tukaimimina kwenye visanduku vyangu vyembamba, bila blanketi.

Ilitoka na mabaka. Mdogo wangu akaipanga mbele hivyo hivyo, akawaambia wateja kwamba imepikwa mara mbili. Mchana haujafika, meza nyeupe, haikubaki hata moja!

Sasa wanaulizia ile ya mabaka tu. Nimewajibu hiyo haipikwi tena kwangu, hata wanipigie magoti.