Uzi Mwekundu wa Bibi Khou

...nirudishe, anasema nirudishe, nami nimesimama kizingitini na shada la vifurushi vya wali mkononi, majani ya mianzi bado yana joto, yananidondoshea maji miguuni, na mama mkwe huko ndani hanyamazi, "Uzi mwekundu! Rangi ya harusi kwenye nyumba yenye msiba! Huyo Khou amechanganyikiwa au anatucheka?", hamcheki mtu, mama, haoni, macho yake yana ukungu tangu mwaka juzi, uzi wowote kwake ni uzi, lakini silisemi, nalikodolea macho fundo la uzi tu... leo siku ya tano ya mwezi wa tano, sikukuu ya kufunga wali, mtaa mzima unanukia majani na nyama ya nguruwe, kwetu tu kunanuka udi, maana waliofiwa hawafungi wali mwaka huo, hufungiwa na wenzao, ndiyo desturi, nami nimeishika, sikununua hata jani moja, nimengoja tangu asubuhi, wanangu wakichungulia barabarani, "Mama, mwaka huu sisi hatumo?" aliuliza Guat-ing, na miaka yake sita, nikamwambia tumo, na huku najua ndugu wote wa mume wangu wamekaa kwao, kila mmoja akidhani mwenzake ameshaleta... aliyeleta ni kikongwe huyu, asiye ndugu, amekuja akipapasa ukuta, "Pokea, mwanangu, nimejaza karanga, Bun-hiong alizipenda," jina la mume wangu, siku nzima hakuna aliyelitamka ila yeye... "Umekuwa kiziwi? Mkimbilie kabla hajafika kwake!" na kweli namwona bado, hajalifikia hata bomba la maji, nikiita atageuka, atatabasamu akidhani nataka kumshukuru, halafu nimwambie nini, mwezi wa tatu tulipomzika mume wangu nilikuwa silali wala sili, ni yeye aliyekaa jikoni kwangu siku saba akiwanywesha watoto uji, akimpulizia mdogo wao A-beng kila kijiko, na hakuna aliyemuuliza amevaa rangi gani... nimetii, mama, nimevaa ulichosema, nimelia uliposema nilie, nimenyamaza uliposema basi, na najua unaumia, alikuwa mwanao kabla hajawa wangu, lakini kumfuata mzee wa watu njiani nimwonyeshe kosa la macho yake, hapana, miguu hii haiendi, na kama kuna balaa kwenye uzi huu basi linianze mimi, nitaufungua kwa meno yangu mwenyewe... A-beng ananing'inia kwenye sketi yangu, mdomo wazi kama kifaranga, "Mama, tunavirudisha?" na naisikia sauti yangu ikitoka, kubwa kuliko nilivyokusudia, ifike mpaka ndani, "Haturudishi. Guat-ing, lete mabakuli manne, na la bibi yenu humo humo. Akikataa kula, atatutazama tukila."