Vibao vya Mihogo Michungu

Serafina alikuwa mtu wa kinyaa tangu utotoni. Unywele mmoja kwenye mboga ulitosha kumwondoa mkekani, na kikombe alichonywea mtu mwingine hakukigusa mpaka amekisugua kwa majivu. Mumewe, Otmar, alizoea kumtania kwamba hata maji ya baraka pale kanisani aliyagusa kwa ncha ya kidole tu, kisha akajipangusa kwenye kitenge. Ndiyo maana watu wa kijiji chao, mwendo mfupi kutoka Ushirombo, walishangaa kumwona anashinda kwenye lundo la taka nyuma ya baa za wachimbaji, kainama, anaokota makopo ya bia.

Akili zake zilikuwa timamu. Alikuwa anatafuta kitu cha kutengenezea vibao vya bustani.

Kikundi chao cha wakulima kilikuwa na bustani ya mbegu karibu na mto. Humo walipanda aina kumi na mbili za mihogo, kila aina safu yake, ili mkulima akitaka mbegu aje achague, akatiwe pingili akapande kwake. Aina nane zilikuwa tamu, za kutafuna mbichi au kuchemsha na chumvi. Nne zilikuwa chungu. Hizo lazima uzimenye, uziloweke siku nne, uzianike zikauke ndipo usage unga wa ugali. Ukizila bila kuziloweka zinakulaza kitandani, na wapo waliolazwa wasiinuke tena. Watu walizipenda hata hivyo, kwa kuwa nguruwe pori hawazigusi na zinazaa sana. Shida ni kwamba shina la mhogo mchungu na la mhogo mtamu yanafanana kama watoto wa tumbo moja. Kiangazi majani yakipukutika, hata Serafina mwenyewe, aliyeipanda kwa mikono yake, alisimama akasita.

Mwaka wa kwanza alichonga vibao vya mbao, akavipaka rangi. Mchwa walivila kuanzia chini, vikaanguka kimoja kimoja. Akakata vipande vya dumu la mafuta ya kula na kuandika kwa maka peni. Jua likaufuta wino, na kabla ya miezi miwili kutimia vipande vilikuwa vyeupe kama maganda ya mayai. Akaandika kwenye karatasi, akaitia ndani ya nailoni na kuziba mdomo kwa moto wa mshumaa. Unyevu ukapenya. Siku aliyokwenda kuvikagua alikuta ukungu mweusi umetapakaa juu ya maandishi, na ndani ya kimoja konokono alikuwa ametaga. Alipokifungua, ute ulimganda vidoleni, mzito, wa vuguvugu. Alitapika pale pale, kati ya safu ya tatu na ya nne.

Aliyempa wazo bila kujua ni Otmar. Alikuwa analima nyuma ya nyumba, jembe likafukua kitako cha kopo kilicholala ardhini miaka mingi. Rangi yote ilikuwa imekwisha, lakini tarakimu zilizobonyezwa kiwandani zilisomeka. Serafina alikigeuzageuza kile kitako kwa kijiti.

"Kwa hiyo siyo wino," alisema. "Ni kubonyeza."

Ndipo alipoanza safari za kwenye lundo la taka. Yale makopo yalimtesa. Mengine yalijaa vichungi vya sigara vilivyovimba kwenye bia iliyochacha, mengine mate ya tumbaku, na katika mengine wachimbaji waliochoka kutoka nje usiku walikojoa humo humo. Nzi waliruka mdomoni mwa kopo na kumgonga usoni. Aliyaokota kwa mkono uliovikwa mfuko, akayabeba kwenye gunia lililofungwa mwisho wa mti mrefu, mbali na mwili, akayamwagia maji yanayochemka pamoja na majivu mara tatu. Baada ya hapo kazi ilimpendeza. Alikata kitako na mdomo kwa mkasi, akaupasua ubavu wa kopo, akaunyoosha ukawa kama ukurasa. Aliulaza juu ya kandambili kuukuu, upande wa fedha juu, akaandika kwa kalamu iliyokwisha wino huku akikandamiza kwa nguvu. Raba ilibonyea, bati likabonyea nalo, herufi zikazama. Alikunja kingo zisikate watu, akatoboa tundu kwa msumari na kukifunga kibao kwa waya kwenye kigingi cha nondo.

SAFU 7. MCHUNGU. LOWEKA SIKU NNE.

Masika mawili yalipita juu ya vibao vile. Mvua ya mawe ilivipiga, mbuzi walivilamba, jua likavichoma. Hakuna herufi iliyopotea.

Mwenyekiti wa kikundi, Donatus, hakuvipenda. Alikuwa mtu wa mashati yaliyopigwa pasi na manukato yanayomtangulia njiani, na kazi yake kubwa bustanini ilikuwa kusimama ukingoni. Nyuma ya vibao bado ilionekana rangi ya makopo ya bia.

"Mama Wiliam," alimwambia Serafina siku moja, "wageni wakija watasema sisi tunalima baa."

"Wasome upande wa mbele, Mwenyekiti."

Alicheka, na Serafina akadhani yamekwisha.

Kisha shangazi yake Serafina akafariki huko Kishapu, naye akaenda msibani siku nne. Aliporudi ilikuwa saa saba mchana. Kutoka barabarani aliona turubai limefungwa bustanini, viti vya plastiki vimepangwa, na gari jeupe la wageni wa shirika fulani limeegeshwa kwenye kivuli. Hakuna aliyemwambia kuna ugeni. Aliweka mzigo wake chini na kwenda moja kwa moja kwenye safu.

Vibao vyake havikuwepo. Kwenye kila kigingi ilining'inia kadi inayong'aa, iliyochapishwa mjini kwa rangi, ina picha ya mhogo juu na chini jina la Donatus kwa herufi nene kuliko jina la mmea. Alianza kuzisoma. Safu ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tano imeandikwa chungu, kumbe ni tamu. Akaharakisha hatua. Ya saba kadi ilisema: TAMU, YAFAA KWA KUCHEMSHA. Na chini ya kadi ile mashina sita yalikuwa yameng'olewa, udongo bado mbichi.

Alikimbia hadi jiko la kikundi, pembeni ya bustani. Mpishi, Martina, alikuwa anaosha sufuria.

"Mihogo ya safu ya saba iko wapi?"

"Tumeipika asubuhi, dada. Na karanga. Wameshakula."

Chini ya turubai sahani za wageni zilikuwa na vipande vilivyong'atwa mara moja na kuachwa. Walikuwa wameonja uchungu wakanyamaza kwa adabu. Lakini pembeni, kwenye mkeka, alikaa bibi Mbuke, mama yake Paskalina, mwanakikundi mwenzao. Mbuke alikuwa mzee ambaye ulimi wake haukujua tena chumvi wala sukari, na karanga zile nzito zilikuwa zimeificha harufu. Alikuwa amemaliza sahani yake na ya jirani. Sasa ameinama, kashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mayo!" Paskalina alimwita mama yake kwa Kisukuma. "Mayo, vipi?"

Bibi akajaribu kusimama, miguu ikakataa. Akatapika juu ya kitenge chake, juu ya mkeka, juu ya miguu ya Serafina iliyovaa kandambili. Yalikuwa matapishi meupe ya vipandevipande, yanatoa harufu ya karanga na nyongo. Serafina mwili ulimsisimka kuanzia kisigino hadi utosini. Hakuondoa miguu. Alimshika bibi mabegani asianguke kifudifudi na kupaza sauti.

"Ni mhogo mchungu! Asile mtu mwingine! Leteni lile gari!"

Dereva wa wageni aliwasha gari papo hapo. Bibi Mbuke alifikishwa hospitali kabla ya saa tisa, akatundikiwa dripu, akapewa hewa. Siku mbili hakuweza kusema jambo linaloeleweka. Siku ya tatu aliomba uji.

Siku hiyo hiyo ya tatu, mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano wa saa kumi. Asubuhi Paskalina alikuja kwa Serafina mbio, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Donatus anazunguka nyumba kwa nyumba. Anasema alinakili yaliyoandikwa kwenye vibao vyako. Anasema wewe ndiye uliyekosea tangu mwanzo, na kwamba vilikuwa vimechakaa havisomeki."

"Vibao viko wapi?"

Paskalina hakujua. Aliyejua ni Edson, mlinzi wa bustani, naye alitazama chini kabla ya kujibu.

"Mwenyekiti aliniambia nivitupe shimoni, Mama Wiliam. Nyuma ya jiko. Kabla ya kuchinja."

Serafina alikwenda na reki. Harufu ilimpokea akiwa bado hatua ishirini. Wageni walikuwa wamechinjiwa mbuzi wawili, na kila kisicholiwa kilitupwa mle: utumbo, mavi ya tumboni, vichwa, damu iliyoganda, juu yake maganda ya mihogo na ukoko wa wali. Siku tatu za jua zilikuwa zimeupuliza ule utumbo ukawa kama maputo ya kijani. Juu yake palikuwa na kitu kinachotembea, na alipotazama vizuri aliona kwamba ni funza, wengi kiasi cha kufanya lundo lote lionekane linapumua. Reki ilizama. Alivuta, kikapasuka kitu, na mvuke ukampanda puani. Alitapika mara mbili. Paskalina akamwambia, "Acha, dada, acha tu." Alijibu kwa kutikisa kichwa, maana mdomo hakutaka kuufungua.

Reki ilileta utumbo tu. Vibao vilikuwa chini kabisa. Akajifunga kitenge puani, akavaa mifuko mikononi hadi kwenye viwiko, akashuka. Shimo lilimfika kiunoni. Alipapasa ndani ya uji ule wa vuguvugu, akihisi vitu laini vikiteleza kati ya vidole, na mfuko wa kulia ukapasuka. Funza mmoja alipanda mkononi. Alilia kwa hasira, bila sauti. Halafu kidole kikagusa ukingo uliokunjwa, na akaujua, maana alikuwa ameukunja mwenyewe.

Alitoa vibao kumi na kimoja. Cha kumi na mbili hakukipata. Alivichovya kwenye ndoo aliyoshika Paskalina, na maji ya kwanza tu yalitosha. Herufi zote zilikuwepo. Damu na mafuta vilikuwa vimekwama kwenye mifereji ya maandishi, vikayafanya yasomeke kuliko hata siku alipoyaandika.

Mkutanoni Donatus alizungumza kwanza, kwa sauti ya upole, kwamba makosa ni ya kibinadamu na dada yetu asilaumiwe sana. Serafina, aliyeoga mara nne na bado anajinusa, alisimama na kuvipanga vibao juu ya meza mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Nzi wawili walivifuata.

"Naomba Donatus asome cha saba," alisema.

Donatus alitoa leso, akashika kibao kwa leso. Akakitazama muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwa juu yake.

"Soma, Mwenyekiti," Paskalina alisema. "Sema na siku za kuloweka."

Akasoma. Watu wakaguna. Alianza kueleza kwamba mchapaji ndiye aliyevuruga mpangilio, kwamba wageni walikuwa njiani, kwamba makopo ya bia kwa kweli yalikuwa yanatia aibu. Pengine angeeleweka. Lakini Martina mpishi, aliyekaa nyuma kabisa, alinyoosha mkono, akamtazama Donatus.

"Mimi nina swali moja tu. Baba Loveness, siku ile ulionja mhogo kabla ya wageni. Nilikuona. Ulitafuna, ukatema kwenye leso hiyo hiyo, ukaikunja, ukatia mfukoni. Halafu ukaniambia, pakua."

Donatus aliitazama leso iliyokuwa mkononi mwake. Hakukana. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Wageni walikuwa wameshakaa."

Serafina alikuwa amestahimili shimo, lakini hapo ndipo tumbo lilipomgeuka kweli. Aliona akilini yale mate ndani ya leso, yaliyotunzwa vizuri mfukoni karibu na manukato, na bibi Mbuke anapakuliwa sahani ya pili. Alitoka nje na kushika ukuta. Hakikutoka kitu.

Walimvua Donatus uenyekiti jioni hiyo, wakamchagua Paskalina. Hawakumfukuza kikundini, shemeji zake walikuwa wengi. Kadi zake zilichomwa, zikatoa moshi mweusi wenye harufu mbaya. Serafina akarudi kwenye lundo nyuma ya baa kutafuta kopo la kibao cha kumi na mbili, na safari hii aliongeza kibao kirefu cha langoni kinachosema mihogo ipi isipikwe kabla ya kulowekwa. Bibi Mbuke alirudi nyumbani, mkono wa kushoto ukimtetemeka kidogo. Nyama ya mbuzi Serafina hakuila tena. Hata harufu yake ikichomwa kwa jirani ilimfanya afunge dirisha.

Alhamisi ya kupalilia, Donatus alikuja. Alikuwa amevaa viatu safi. Alisalimia watu kwa majina kana kwamba ametoka safari, akafika mpaka safu aliyokuwa Serafina, akanyoosha mkono kuomba jembe la pili lililokuwa kando yake.

"Mama Wiliam, nisaidie hilo."

Serafina aliutazama ule mkono ulioikunja leso, kucha zilizokatwa vizuri, kiganja kisicho na sugu. Alilichukua jembe, akalilaza ardhini kati yao, akasogea hatua tatu na kuendelea kupalilia.