Kinanda Chenye Mashimo

Jumapili ile Mama Adolphine alibonyeza noti ya sol, na sol haikuja. Kilichokuja ni upepo mtupu, fuuu, kutoka tumboni mwa kinanda, na waimbaji wakaendelea na wimbo wao kana kwamba hakuna lililotokea. Waimbaji wale! Ungewanyang'anya kinanda kizima, wangeimba mpaka Amina ya mwisho ndipo waulize kimekwenda wapi. Lakini Adolphine alisikia. Alimaliza misa akiikwepa sol ile, na watu walipokwisha kutoka alichukua ufunguo wake, akafungua kimlango cha pembeni, akaingia kwa magoti.

Na tukisema kinanda, usifikirie kile kisanduku cha kukunja cha wamisionari. Hiki kilikuwa orgue, ukuta mzima wa mabomba: makubwa mbele, yanayoonekana na kila mtu, na madogo nyuma kwa mamia, mpaka yale yasiyozidi kidole. Wabelgiji walikileta miaka yao ya mwisho, kwa meli hadi Lobito, kisha kwa treni hadi Kolwezi, vipande vipande ndani ya nyasi kavu. Kiliwapigia ndoa zao, wakaondoka. Kikaupigia Uhuru. Serikali ikaja ikakataza majina ya ubatizo, Adolphine akawa Sitwayeni Mbuyu kila mahali penye karatasi na muhuri, lakini mbele ya kinanda alibaki Adolphine. Vita vya mwaka wa sabini na nane vikaingia mjini, risasi moja ikapita dirishani ikatoboa bomba la katikati, na kinanda kikaendelea kuhema. Kilikuwa kimevumilia mengi. Sasa, mwaka wa themanini na tatu, mtu alikuwa anakila kimyakimya.

Mabomba makubwa ya mbele yote yalikuwepo. Nyuma, pasipofika jicho la mwamini, madogo yalikuwa yameng'olewa hapa na pale, yakabaki mashimo meusi. Tena yametolewa vizuri, bila fujo, na mkono unaojua kazi. Adolphine alikaa kwenye vumbi lile akawaza. Funguo zilikuwa mbili tu: mmoja wake, mmoja wa tata Abibu, fundi wa mota inayosukuma upepo. Lakini Abibu, hapana, jamani. Wakati wa vita Abibu alikuwa dereva wa lori la kaka zake, Waislamu wa kutoka Kasongo. Yeye ndiye aliyempakia Adolphine na binti yake Bilonda chini ya turubai, akawafikisha Tenke salama, wakati Wakristo wenzao wamejifungia milango. Mtu wa namna hiyo haibi bomba la kanisa.

Jibu lilikuja bila kutafutwa. Katikati ya wiki alikwenda mtaa wa Manika kumwona Bilonda, na mjukuu wake Ndaya akamkimbilia nje akipuliza filimbi. Fiii! Adolphine alisimama palepale. Ilikuwa sol. Sol yake mwenyewe, safi, haina kosa hata kidogo.

"Nani alikupa hii, mama?" alimwuliza mtoto.

"Tata," akasema Ndaya, akapuliza tena.

Tata Ndaya, yaani baba yake Ndaya, mume wa Bilonda, alikuwa fundi wa mbabula za makaa na sufuria, mtu mpole, mwenye kulehemu tundu la sufuria hata usijue lilikuwa wapi. Adolphine alimjua kwa kazi zake na kwa mgongo wake. Kwa uso, hamjui, maana hiyo ndiyo buko, heshima ya ukwe: mama mkwe na mkwe wake hawatazamani, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, na jina la mkwe halitoki mdomoni mwa mama mkwe mpaka kaburini. Akimwona njiani anafunika uso kwa kikwembe na kupita kando. Akimhitaji anasema "tata Ndaya", tena kupitia kwa Bilonda.

Na hapo ndipo Adolphine alipojilaani. Maana nani alimwonyesha mwizi njia? Ni yeye! Baada ya vita alimtuma Bilonda amwite mumewe aje kuziba lile bomba lililotobolewa na risasi. Mwenye kinanda alipaswa kusimama hapo akiangalia kila kinachoguswa. Lakini mle ndani ni pembamba, watu wawili hawakosi kugusana, na buko ni buko. Basi alimpelekea ufunguo, yeye akakaa uani na rozari yake mpaka kazi ikaisha. Bomba lilizibwa vizuri sana. Na fundi, peke yake mle ndani, akajua mabomba yale ni ya nini: madini laini ya risasi na bati, ile sodire ya kulehemu ambayo mjini ilikuwa haipatikani hata ukilia. Adolphine akakumbuka pia jinsi Bilonda anavyokuja siku hizi kumfagilia nyumba, na ufunguo unavyoning'inia nyuma ya mlango.

Alimpa Ndaya biskuti, akachukua filimbi, akaifunga kwenye fundo la kikwembe. Hakuirudisha mahali pake. Ikilia Jumapili, tata Ndaya angejua amejulikana, na aibu ingewafunika wote. Aliogopa aibu kuliko dhambi, na alijua kwamba anaiogopa hivyo.

Akaanza basi kupiga kinanda kwa kuruka mashimo. Wimbo wenye sol nyingi aliupandisha, wenye noti ya la aliushusha. Palipokosekana sauti ya juu, mguu uliziba kwa sauti nzito ya chini. Waimbaji wakalalamika kwamba leo mama anatukaba, kesho anatuzamisha. "Ni uvivu yenu," aliwajibu, "muimbe!" Na kila wiki shimo jipya. Alirudi nyumbani shingo imekakamaa, na usingizi haupo.

Ingekwenda hivyo mpaka lini, Mungu anajua. Lakini askofu alitangaza kuja, na Padri Tharcisse, paroko wao, akataka kila kitu king'ae. Aliingia mwenyewe nyuma ya kinanda na kitambaa mkononi, akatoka amekuwa mweupe kwa vumbi na hasira. Funguo ni mbili. Mmoja wa mama aliyekipiga kinanda maisha yake yote. Mwingine wa nani? Watu hawakungoja jibu. Wale waliojifungia milango wakati wa vita ndio waliopiga kelele ya kwanza: Mwislamu atafuta nini kanisani? Askari majandarme wakaja wakampeleka Abibu kasho, mahabusu yao, na mafuta ya mota bado mikononi.

Asia, mke wa Abibu, alifika kwa Adolphine asubuhi. Alikataa kiti.

"Mama, wewe njo mwenye kinanda," alisema. "Neno yako moja inatosha. Uende kwa Padri, uwaambie Abibu haiko mwizi."

Adolphine alishika rozari yake. "Nitamuombea, Asia. Nitaomba sana."

"Omba, mama. Lakini kule mu kasho banamupiga, na fimbo haingoje maombi."

Asia akaenda zake. Adolphine alibaki akiutazama ufunguo nyuma ya mlango, akijiona mchafu mwili mzima. Hakunywa hata chai. Alijitupia kikwembe akateremka Manika.

Bilonda alikuwa anasonga ugali wa bukari, mimba yake ya pili imeshaonekana.

"Bilonda, ufunguo yangu nani anabebaga?"

Mwiko ukasimama. "Mama, kama unajua, juu ya nini unauliza?"

"Mwambie tata Ndaya aende kwa Padri. Yeye mwenyewe. Abibu eko mu kasho kwa bule."

"Akienda, banamufunga yeye. Na mi nitabaki na nani? Na Ndaya, na huyu wa tumboni mwenye kuya?" Bilonda hakupaza sauti. Alikuwa anaogopa tu, na woga wake ulimwuma mama yake kuliko matusi. "Mama, ile sodire njo inatulisha. Hata wewe, ile sufuria yako ya maharagwe, unazania aliiziba na nini?"

Sufuria ile Adolphine alikuwa ameipikia jana.

"Tata Abibu alitubeba mpaka Tenke," alisema. "Ulikuwa unalia kiu chini ya turubai. Alikupa maji yake yote."

"Najua." Machozi yalimtoka Bilonda, akayafuta kwa kiwiko. "Lakini utamusema namna gani, mama? Hata jina yake hauwezi kutaja. Na ukimusema, mlango hii usiione tena. Mi sitakufungulia."

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje, maana watu wanapenda misa yenye fununu. Adolphine alikaa kwenye kinanda, kule juu roshani. Wimbo wa kuingia ulikuwa na sol tele, na safari hii hakuupandisha wala kuushusha. Aliupiga ulivyoandikwa. Fuuu. Fuuu. Sauti mbili, upepo. Sauti moja, upepo, upepo. Waimbaji wakapotea, wa kwanza akanyamaza, na wote wakafuata. Kanisa zima likageuka kutazama juu. Hapo ndipo watu walipoelewa kinanda chao kimeliwa kiasi gani, na kwamba mama yule alikuwa anawafunika muda wote.

Padri Tharcisse alisogea mbele. "Kesho asubuhi Abibu anapelekwa Lubumbashi," alisema. "Akifika kule, mi sina tena nguvu. Kama kuna mutu anajua kitu, aseme leo."

Mtoto mmoja alikohoa. Kisha zikasikika kandambili za Adolphine kwenye ngazi, akishuka taratibu, mkono ukutani. Wanawake walimpisha. Wote walidhani anakwenda kwa Padri. Alipinda upande wa wanaume, akapita katikati ya benchi zao, wakavuta miguu wakishangaa, mpaka akafika alipokaa tata Ndaya katika abakosti, suti yake safi ya Jumapili.

Yeye, alipomwona mama mkwe wake anakaribia, aligeuza uso ukutani, kama mkwe mwenye adabu anavyopaswa. Heshima yake ilikuwa kamili hata saa ile.

Adolphine aliteremsha kikwembe usoni. Alitaka kufa, na alijua hatakufa, atasema.

"Mukalay," alisema.

Kanisa liliguna. Wanawake walishika midomo, mzee mmoja akatema chini mlemle kanisani. Walishtuka hivyo, na hakuna aliyekuwa amesikia bado neno lolote la wizi.

"Mukalay, nitazame. Simama. Sema wewe, kabla mi sijasema."

Mukalay aligeuka polepole. Kwa mara ya kwanza Adolphine alimwona usoni. Alikuwa kijana kuliko alivyofikiri, na macho yake yalikuwa yale ya Ndaya. Alisimama, kofia mikononi.

"Ni mi," alisema. "Mabomba, ni mi njo nilibeba. Tata Abibu hana kosa."

Padri alivua kanzu ya misa, akatoka naye kwenda kituoni, na kabla ya jua kuzama Abibu alikuwa kwake, Asia anamchemshia maji ya kuoga. Lakini hayo Adolphine aliyasikia baadaye. Saa ile alikuwa anatazama upande wa wanawake, ambako Bilonda alikuwa amekwisha kuinuka. Hakulia, hakumtazama mama yake. Alimfunga Ndaya mgongoni, akajikaza kikwembe juu ya tumbo, akatembea kuelekea mlango mkubwa, na watu wakampisha.

Ndaya peke yake ndiye aliyegeuka. Alinyoosha mkono juu ya bega la mama yake. "Nkambo," alimwita bibi yake, "filimbi yangu!"

Adolphine alihangaika na fundo la kikwembe. Alipoipata filimbi, mlango ulikuwa umeshafungwa.