Shahada ya Tuulia

Tuulia na mimi tulikuwa wauguzi wasaidizi katika nyumba moja ya wazee mjini Kajaani, Ufini. Kazi yetu ilikuwa kuosha, kulisha, kugeuza na kunyanyua. Mgongo ulipoanza kumsumbua Tuulia, alijiandikisha chuoni kusomea fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, huku akiendelea na zamu kama kawaida.

"Shoga, utakufa na vitabu," nikamwambia.

"Heri vitabu kuliko kuja kukunyanyua wewe ukizeeka."

Alipohitimu tulimwokea keki. Mtaalamu wa viungo wa nyumba yetu alistaafu kiangazi kile kile, Tuulia akapewa nafasi yake. Zamu zake za mwisho wa wiki tukagawana sisi tuliobaki, maana pengo lake halikuzibwa. Nikaanza kumwita "mheshimiwa". Alicheka, ila si sana.

Baridi ilipokaza, mafua yakatuangusha wafanyakazi. Msimamizi wetu, Marjut, akamwendea Tuulia. "Vaa glavu, urudi kuosha. Mazoezi yatasubiri."

Aliosha siku ile, na iliyofuata, hadi wiki ikaisha. Mzee Oskari, ambaye ujanani alikuwa akisukuma magogo mtoni, alibaki kitandani bila mazoezi yake ya kutembea, na miguu ikaanza kumgomea tena.

Jumatatu Tuulia akakataa. "Leo natembea na Oskari."

"Wenzako wameelemewa!"

"Najua, Marjut. Nilikuwa mmoja wao."

Nilimkasirikia. Niliosha wazee wa upande mzima peke yangu, na nilipopita ukumbini nikamwona kamshika Oskari kiunoni, wanajikokota kama konokono.

"Wengine mnapunga upepo kazini!" nikamrushia. Kila asubuhi alirudia yale yale, na kila asubuhi Marjut alinuna.

Siku niliyoichukia ilikuwa ya sauna, kile chumba cha kuogea kwa mvuke, kwa sababu ya kumhamisha Oskari kutoka kiti cha magurudumu hadi kwenye benchi. Mzee yule ni mzito. Jumamosi moja karibu na Pasaka nikapandisha mikono ya shati na kujikaza, naye akanisukuma.

"Pisha, mama. Nina miguu yangu."

Akashika ukuta, akaingia mwenyewe, polepole, akitukana hatua kwa hatua. Nilisimama na taulo mkononi, machozi yakinilenga. Sikuwa na furaha hasa. Nilikuwa nimechoka tu, na angalau mara hii hakuna aliyehitaji mgongo wangu.

Jumatatu nikamsogezea Tuulia kahawa. "Nilidhani shahada ile imekufaa wewe peke yako."

"Mshahara umepanda kidogo, mgongo umetulia. Na mafua yakija narudishwa kuosha kama zamani. Sijui, Raija. Nawe kasome."

"Kwa umri huu?"

"Sema kwa uchovu huu."

"Ndio huo huo."

Kengele ya chumba cha mwisho ikalia. Tukaangaliana, kila mmoja akingoja mwenzake ainuke.