Soksi za Muuza Bajia

Mwaka wa Kombe la Dunia la Meksiko, Bwana Stambuli aliuza shamba lake la mwisho la minazi, lile la Tezo, akanunua televisheni. Watu wenye akili zao huuza shamba wakanunua nyumba, au wakaenda Makka. Yeye akaleta sanduku la kioo lenye miguu minne, na antena iliyopita mapaa yote ya mtaa wa Shela, Malindi, kisha akaketi mbele yake kwa kikoi na fulana kama aliyeajiriwa kulilinda. Mpira ulipokwisha, fedha nazo zilikuwa zimekwisha.

Mkewe, Bi Zeina, hakulia. Alizaliwa katika watu wenye mashamba, na kwao mtu halii mbele za watu, hununa. Alinuna wee, hata sufuria zilipoanza kulala bila kuchafuka akajifunga buibui akaenda mtaa wa Kisumu Ndogo kwa Kache, binti wa mzee aliyekuwa akiwaangushia nazi siku za neema.

"Nitafutie karai," akamwambia. "Na ukimwambia mtu, mimi na wewe basi."

"Karai la nini, Bibi?"

"La kuogea! Karai la nini, karai la kukaangia."

Basi Kache akawa anasaga kunde, Bi Zeina anatia thomu na pilipili na dania, na kila siku baada ya Alasiri yuko nje ya ua wa Kache juu ya kigoda, kajifunika kichwa mpaka chini, kitambaa cha buibui kimeshuka usoni, anakaanga bajia na kuziuza. Sauti aliibana puani ikawa ya mtu mwenye mafua ya kudumu. Nyumbani aliaga kwamba anakwenda kumtazama shangazi yake mgonjwa. Shangazi huyo, ambaye Bwana Stambuli hakupata kumwona wala hakujisumbua kuuliza, aliugua mwaka mzima, hakupona wala hakufa.

Siri yenyewe ingekuwa nyepesi lau si Sheikha. Sheikha, bintiye wa pekee, alikuwa ameletewa posa na Mahadhi, kijana mwenye duka la vitambaa, mtoto wa Bi Kuluthumu. Hawa ni watu wa visiwani, wa Pate, waliohamia Malindi zamani wakafanya biashara zao kwa kunyamaza. Bi Zeina alitaka posa hii kuliko alivyotaka pumzi. Lakini kwa kuwa ni Bi Zeina, aliijibu kana kwamba anawafanyia hisani.

"Seti ya dhahabu kamili, shingo mpaka mikono," alisema. "Na kitanda cha kuchonga. Mjue mnaoa nyumba gani."

Bi Kuluthumu akaomba nafasi ya kufikiri. Kufikiri kwenyewe kukawa ni kuja kila Jumamosi baada ya Maghribi kukaa kwenye mkeka wa Bi Zeina, macho yakizunguka sebule kama ya mnunuzi wa mbuzi. Eti amekuja kutazama televisheni. Na akina mama wengine wa mtaa wakaja nyuma yake, Bi Mwanatumu wa nyumba ya pili akiwa mbele na kicheko chake kinachoamsha watoto waliolala.

Kilichowaleta kilikuwa kipindi kilichoitwa Mtambue Mwimbaji. Watu wakubwa wa Nairobi, wachezaji mpira, waigizaji, wasomaji habari, walivishwa vichwa vya karatasi ngumu, mmoja jogoo, mmoja samaki, mmoja boga, wakapandishwa jukwaani kuimba. Majaji watatu wakawa wanakuna videvu: ni nani huyu jamani? Kila wiki mmoja alishindwa akavuliwa kichwa, na atakayebaki mwisho ndiye bingwa. Watu wazima hao, na mishahara yao.

Jumamosi ya kwanza alitoka Samaki.

"Ni yule mwanamasumbwi!" akapiga kelele Bwana Stambuli. Yeye kila aliyetoka alikuwa mwanamasumbwi.

"Huyo ni msomaji habari," akasema Bi Zeina kwa sauti ya mwenye nyumba. "Tazameni kichwa anavyokishika. Hicho ni kichwa cha mtu aliyesoma."

"Kichwa wamempa," akasema Bi Kuluthumu. "Mimi sikitazami. Natazama alichokuja nacho kutoka kwao." Akainama mbele. "Miguu hiyo. Kaitanua, magoti yamekunjwa kidogo. Anaimba mapenzi na huku anangoja mpira. Golikipa huyo."

Samaki akavuliwa kichwa. Golikipa.

Bi Mwanatumu akacheka hata taa ikatikisika. Bi Kuluthumu yeye hakucheka, alisonya. "Maskini watu wa bara! Mtu kafunika uso, miguu kaiacha nje kama kuku. Waje wakae hapa mwezi mmoja. Sisi tumezaliwa, tumeolewa na tumezeeka na watu waliojifunika. Kama humjui mwenzio kwa kisigino, njiani utamwamkia nani?"

"Mimi mtu namjua anavyoburura champali, bado hajafika kona," akasema Bi Mwanatumu.

"Mimi kwa vidole."

Hapo Bi Zeina akaivuta miguu yake taratibu akaificha chini ya leso. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na kidole cha mwisho kilichompanda mwenziwe mgongoni, kikakaa huko juu kama kinachungulia ua wa jirani. Alikirithi kwa baba yake, baba kwa babu, na ujana wake wote alikionyesha watu: kidole cha ukoo, msikione kidogo. Sasa alihesabu ni macho mangapi yalikwisha kukiona kikichungulia kutoka chini ya buibui, pembeni mwa karai, akapoteza hesabu.

Siku ya pili yake alifungua sanduku la mumewe akatoa soksi. Zilikuwa soksi za kahawia ambazo Bwana Stambuli alizivaa kila alipokwenda kutia saini ya kuuza shamba, na kwa sababu hiyo zilikuwa zimechakaa sana. Akazivaa na champali, kitambaa kimejikusanya katikati ya vidole, jua la kaskazi linapasua mawe, mafuta yanachemka mbele yake. Watoto wa Kisumu Ndogo wakaja kumtazama kama waliosikia kuna ngamia.

Bi Kuluthumu naye akaja, maana alikuwa mteja wa kila siku.

"Una baridi, mamangu?" akauliza, akitazama chini.

"Baridi yabisi," ikajibu pua.

"Pole. Nitilie za kunishibisha mimi na za kumtamanisha mtu mwingine. Na uongeze moja." Alikuwa haondoki bila ya nyongeza. Akasimama akila, mkono mmoja kiunoni. "Jumamosi niko kwa yule Bi Zeina wa televisheni. Unamjua?"

"Namsikia."

"Heri yako unayemsikia tu. Nyumba ile, mamangu, ina antena ndefu na sufuria fupi. Juzi katutolea kahawa, kikombe kimoja kikazunguka watu wote kama kata ya kisimani. Halafu anataka dhahabu! Shingo mpaka mikono! Binti mzuri, Mungu amhifadhi, lakini mama mtu nasikia hajapata kushika mwiko tangu azaliwe. Sasa huyo mtoto kafunzwa nini? Kutazama?"

Mwiko ukageuza bajia. Bi Zeina akaona kabisa namna bajia moja ya moto inavyoweza kuruka ikaingia katika shingo ya mtu kwa bahati mbaya. Lakini posa. Posa, posa. "Watu wa mjini hao," ikasema pua.

"Na mumewe! Yule si mume, ni mto wa kochi."

"Wanaume wa siku hizi," akajibu Bi Zeina, na hili alilisema kwa moyo wake wote.

"Ongeza moja."

Akaongeza.

Ikawa hivyo wiki nenda wiki rudi. Jioni za karai Bi Zeina alisikia habari zake mwenyewe: kwamba anatembea kama aliyemeza mwavuli, kwamba nazi anazosema zimetoka Tezo zinanunuliwa sokoni kama za kila mtu. Jumamosi alimkaribisha aliyezisema, akamwekea mto wa kuegemea. Na kwenye kioo vichwa vilivuliwa kimoja kimoja. Bi Kuluthumu alimtambua msomaji habari kwa kuwa kila baada ya ubeti alilamba kidole kama anayefunua ukurasa. Alimtambua mwigizaji mmoja kwa makalio, na maneno aliyotumia hayaandikiki. Bi Zeina hakupata hata mmoja. Bwana Stambuli aliendelea kumsubiri mwanamasumbwi.

Jumamosi ya fainali walibaki wawili, Jogoo na Boga. Sebule ilijaa mpaka mlangoni. Bi Kuluthumu aliingia na kifurushi cha gazeti kilicholowa mafuta, Sheikha akamwamkia, "Shikamoo, Bibi," naye, "Marahaba, mwanangu, lete sahani." Bajia zikamwagwa katikati ya mkeka. Bi Zeina akazijua kama mtu anavyowajua wanawe.

"Onja, Bi Zeina."

"Mimi vya njiani sili. Sijui vimeshikwa na mikono ya nani."

"Kweli, mikono haijulikani," akasema Bi Kuluthumu. "Lakini miguu ina soksi."

Wakaangua kicheko wote. Bi Zeina naye akacheka, kicheko kimekauka, na chini ya leso vidole vyake vikakunjamana.

Jogoo aliimba vizuri hata Bi Mwanatumu akaacha kutafuna. Kisha akaja Boga. Huyu alivishwa mabuti na glavu, hapana kinachoonekana ila tumbo lililotangulia. Akafungua kinywa, na kilichotoka, mbuzi wa Idi hulia vizuri zaidi.

"Mwanamasumbwi!" akasema Bwana Stambuli.

Majaji wakanong'onezana, wakapigana mabega, wakampa ushindi Boga. Akavuliwa kichwa: naibu waziri, jasho linamtiririka. Majaji wakashika vichwa vyao. Mmoja akaanguka kitini kwa mshangao. Hatukudhani! Hatukuota!

"Kwani kweli hawakumjua?" akauliza Sheikha. "Tumbo lile liko gazetini kila siku."

"Walimjua tangu siku ya kwanza," akasema Bi Kuluthumu.

"Sasa mbona walijifanya hawamjui?"

"Wangesema, mwanangu, angeacha kuimba." Akalamba mafuta kidoleni, bila haraka, na macho yakateremka mpaka kwenye leso ya Bi Zeina, pale pale ilipofunika mguu wa kushoto. "Na wengine hawataki aache. Bajia kama hizi tutazipata wapi tena?"

Akina mama wakatazama kioo, wakatazama dari, wakatazama kila mahali. Bi Mwanatumu alikuwa amejaza bajia mdomoni ili asicheke, mabega yanaruka.

Bi Zeina akahisi damu ikimpanda masikioni. Si kwamba wamemjua tu. Ni yale mengine yaliyorudi yote kwa pamoja, yamepanga foleni: sufuria fupi, mwavuli, mto wa kochi. Mwanamke huyu hakuwa akimsengenya. Alikuwa akimwambia yeye mwenyewe, uso kwa kitambaa, na bado anadai nyongeza. Na yeye, mwenye ukoo, amekuwa akiongeza!

Wageni wakajiondokea. Bi Kuluthumu alikuwa wa mwisho kuvaa viatu.

"Kesho nakuja kuchukua jawabu la posa," akasema mlangoni. "Nije wapi, Bi Zeina? Hapa au kule?"

Bi Zeina akatazama sebule, antena ya mume wake, mume wa antena yake. Hapa angeweza kukana, akaapa, akataja mashamba, na yule mwanamke angemwacha aape mpaka achoke, kisha kesho yake angemwomba nyongeza.

"Kule," akasema.

Siku ya pili baada ya Alasiri alikaa juu ya kigoda bila soksi, kidole cha ukoo kinachungulia. Alipomwona Bi Kuluthumu anakuja akakirudisha kitambaa cha uso nyuma. Kache akaliacha jiwe la kusagia, akasimama mlangoni kwake asipitwe na neno.

"Jawabu ndilo hili," akasema Bi Zeina, kwa sauti yake mwenyewe, na ilikuwa kali kwa kukaa sana puani. "Dhahabu ya mikono nimeisamehe. Ya shingo siiachi, na kitanda siachi. Na leo nyongeza hakuna."

"Hakuna! Mwaka mzima napata nyongeza!"

"Mwaka mzima umekula na umetukana. Chagua kimoja."

Bi Kuluthumu akacheka mpaka Kache akamletea kitu cha kukalia. "Nilikuwa nasubiri, mwanamke we! Nikasema huyu nimtukane mpaka lini ndipo anijibu? Nikamgusa hata mumewe, nikasema sasa atanimwagia mafuta. Wapi! Eti, wanaume wa siku hizi!"

"Hilo nililisema kweli."

"Najua. Ndipo nilipokupenda." Akajifuta macho kwa ncha ya buibui. "Kwangu hatuli antena, Bi Zeina. Nilitaka kujua kama katika nyumba ile yupo hata mtu mmoja anayefanya kazi. Kitanda utapata, na ya shingo. Lakini siku ya harusi bajia utakaanga wewe, uso wazi, watu wakuone."

"Wananiona tayari, washenzi wakubwa nyinyi."

"Tangu siku ya kwanza. Nitilie za kunishibisha."

Bi Zeina akatia, akafunga gazeti, akampa. Bi Kuluthumu akasimama pale pale anangoja, mkono umebaki hewani. Akangoja bure.

Jioni ile Bi Zeina alirudi nyumbani akamkuta Bwana Stambuli mbele ya kioo, anatazama habari kwa mdomo wazi. Akamtupia soksi zake mapajani. Bwana Stambuli akaziinua, akazinusa, akazinusa tena.

"Soksi zangu zinanuka bajia," akasema. "Nani alizivaa?"

"Wewe ndiye mtazamaji," akajibu mkewe, akivua buibui. "Haya, mtambue."

Bwana Stambuli akafikiri sana. Alitazama soksi, akamtazama mkewe kutoka kichwani mpaka miguuni, akarudi kwenye soksi. Kisha uso wake wote ukafunguka kwa furaha, maana mara hii alikuwa na hakika.

"Shangazi yako!" akasema. "Kumbe amepona!"